Kila Mashine Itakayoamka

Kikohozi cha yule mtoto nilikisikia kabla sijamwona. Kilikuwa kikohozi chembamba chenye mluzi ndani yake, na kilinifuata kutoka geti la hospitali mpaka kwenye benchi ambako Absalom, mtu wa stoo na kompyuta, alikuwa ameniambia nimngoje. Mama alikuwa amemkalisha binti yake wima mapajani, maana akimlaza pumzi inakatika.

"Punje ya mahindi," akaniambia bila kuulizwa. "Tulikuwa tunapukuchua. Alicheka ikiwa mdomoni, ikaenda njia ya hewa."

Jina lake Chepkemei, mkulima wa huko juu Mlima Elgon. Walikuwa wameanzia Kitale, wakaambiwa kwamba kamera ya kuingia kifuani iko Bungoma, katika hospitali hii ya Kanduyi, kwa Daktari Joan. Mtoto aliitwa Jerono, hata shule ya chekechea hajaanza. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Atapona, mama Jerono," nikasema, kwa sababu ndivyo watu husema.

"Dada, wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni fundi wa kompyuta, natoka Kitale."

"Sawa tu," akasema. "Leo kila mtu afanye kazi yake vizuri."

Naitwa Fardosa, na mimi sina subira, hilo mlijue mapema. Nafanya kazi kwa adeer Mohamud, ndugu ya marehemu baba yangu, kwenye duka letu karibu na msikiti wa Kitale. Duka hilo lina desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Kompyuta yoyote ya kuuzwa, kabla haijatoka mlangoni, adeer huipanga hivi: ukiamka, usitazame diski yako kwanza. Tazama waya wa mtandao, uliza kama kuna seva ya kukupa mfumo. Ukikosa jibu, basi rudi kwa diski yako uendelee.

Sababu yake ni uvivu, na hata mbele yake mimi husema hivyo hivyo. Wateja wetu hurudisha mashine zikiwa zimejaa virusi, na adeer hapendi kuhangaika na fleshi. Anachomeka waya, anawasha, seva ya duka inafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya, na yeye yuko hapo anakunywa chai. Halafu hubandika kipande cha utepe wa rangi ya machungwa kwenye kona ya nyuma, ili mashine ikirudi ajue ni ya nyumbani.

"Huko nje hakuna seva, Fardosa," huniambia. "Itauliza, itakosa jibu, itaendelea na maisha yake. Ubaya uko wapi?"

Mimi sikuuona. Hata wewe usingeuona.

Hospitali ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili, na unajua misaada ilivyo, kila mtu alitoa alichotaka kuondoa nyumbani kwake. Kulikuwa na mpya nyembamba, kulikuwa na masanduku meusi ya zamani, na kulikuwa na zile ndogo za kutosha kiganjani, zenye chipu kama ya simu. Kazi yangu ilikuwa kuziwekea zote mfumo mmoja kupitia waya. Nilibeba laptopu yangu iwe ndiyo seva. Nilikuwa nimeijaribu Kitale kwa mashine mpya, ikaenda bila shida, nikajisifu duka zima.

Kanduyi ikanivua nguo. Mpya zilikubali. Masanduku meusi yalionyesha mistari miwili ya herufi nyeupe halafu yakanyamaza. Zile ndogo hata salamu hazikujibu.

"Labda stima iko chini," Absalom akasema nyuma ya bega langu.

"Absalom, tafadhali."

"Ama ni waya, madam."

"Absalom! Si waya, si stima. Niache nifikiri!"

Akarudi nyuma kidogo. Kanisani huyo ni mzee wa kwaya, mtu wa watu, lakini akisimama nyuma yako na mawazo yake, haki ya Mungu, unaweza kumrushia keboodi.

Kompyuta nazo zina makabila, msicheke. Faili ya kuamshia mashine mpya, ukiipa ya zamani, hiyo haijui pa kuishika. Zile ndogo ni watu wengine kabisa, hesabu zao zinafanywa kwa lugha nyingine. Seva yangu ilikuwa inampa kila anayebisha chakula kile kile. Ikabidi niifundishe kuuliza kwanza: wewe ni wa wapi? Halafu impe kila mmoja chake. Nilishinda hapo asubuhi nzima, nikiandika, nikikosea, nikitukana kwa Kisomali ili Absalom asielewe.

Kulikuwa na jambo jingine. Nilikuwa nimepanga kuziunganisha zote kwenye swichi yangu ndogo ya mtandao, kando, mbali na waya wa hospitali. Lakini Absalom, kwa bidii yake, alikuwa ameshazifunga mezani kila chumba, kutoka maabara mpaka chumba cha dawa. Kwa hiyo nikachomeka laptopu kwenye waya mkuu wa hospitali, pale stoo. Sikuogopa. Kompyuta ya kawaida huamka kwa diski yake na haitazami waya, labda uipange kwa mkono, na hapo nilikuwa nimepanga hizo za wafadhili peke yake.

Na kwa sababu nilichoka kukimbia chumba hadi chumba kubonyeza kitufe, nikaondoa lile swali la mwisho, lile linalouliza kama kweli unataka kufuta diski. Badala yake niliandika maneno yangu mwenyewe yatokee kwenye skrini: *Karibu. Tulia tukusafishe.* Niliyaona ya kuchekesha.

Likakubali! Sanduku jeusi la maabara likaamka, likauliza, likapewa chake, likaanza kujifuta. Nikapiga kofi meza. Zile ndogo nazo zikafuata. Nilikaribia kumkumbatia Absalom, nikakumbuka mimi ni nani na yeye ni nani, nikamshika mkono tu.

"Umeona sasa?" nikamwambia. "Mashine yoyote ikiamka kwenye waya huu, iwe ya zamani, iwe mpya, nailisha."

"Wewe ni kiboko, madam," akasema. "Hebu nikanunue chakula hapo barabarani. Nitafunga stoo, mwizi asikuibie laptopu. Ufunguo niko nao, usijali."

Nikatoka nikaketi kwenye benchi karibu na Chepkemei, nje ya chumba cha upasuaji. Nesi mmoja akapita akisukuma toroli. Juu yake kulikuwa na skrini, chini yake kompyuta nyeusi ya zamani, na kwenye kona ya nyuma kipande cha utepe wa machungwa kilichochakaa.

"Ala! Hiyo ni yetu!" nikasema. "Ilitoka dukani kwetu Kitale."

Chepkemei akageuka. "Ndiyo itatumika kwa Jerono?"

"Ndiyo hiyo. Ina miaka na bado inafanya kazi."

Akanishika mkono akaufinya. Tukaona kupitia mlango nesi akiiwasha, na ilipokwisha kuamka akichomeka waya wa mtandao ukutani, maana Daktari Joan alitaka mwenzake wa Eldoret aione picha huku akifanya. Kisha wakamchukua Jerono. Hakulia, hakuwa na pumzi ya kulilia. Mlango ukafungwa, mama yake akabaki ameshika kiatu kimoja chekundu kilichokuwa kimedondoka.

"Wanaingiza bomba lenye kamera," akaniambia, kama mtu anayejikumbusha. "Daktari anaangalia kwa ile skrini, halafu anaishika punje na koleo ndogo. Bila skrini hawezi kuona. Ndivyo aliniambia."

Tulikaa. Sauti ya feni. Sauti ya mashine ya mapigo ya moyo kupitia mlango. Nilikuwa karibu kusinzia.

Stima ikapotea.

Feni ikapunguza mwendo ikasimama. Ndani mtu akapiga kelele: "Jenereta! Mwambieni Gikonyo awashe jenereta!" Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa kazi yangu. Mashine zangu zote zimekatika katikati. Nikajituliza. Hakuna shida, laptopu ina betri, haijazima. Iko pale stoo macho wazi, inangoja. Jenereta ikiwaka, kila mashine itaamka, itauliza, italishwa.

Kila mashine.

Niliuona ule utepe wa machungwa kana kwamba uko mbele ya uso wangu. Ya zamani, ya kwetu, ya kuuliza waya kabla ya diski. Asubuhi ingeuliza, ikapewa faili isiyo yake, ikakataa, ikarudi kwa diski yake salama. Lakini mimi nilikuwa nimeshatengeneza hilo. Mimi na akili yangu nyingi.

Niliogopa. Sina neno la kulipamba. Nikakimbilia stoo.

Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nikampigia Absalom, simu ikasema hapatikani. Nikaugonga kwa bega, ukanirudisha. Kutoka uani nikasikia Gikonyo, mlinzi wa geti, akivuta kamba ya jenereta. Ilikohoa ikazima. Nikatimka huko.

"Usiwashe! Mzee Gikonyo, usiwashe!"

"Wewe msichana una wazimu? Kuna mtoto kwa meza!"

"Najua! Ni kwa sababu ya huyo mtoto! Ngoja kidogo, dakika tu, nitoe waya!"

Nikamkamata mkono. Ni mzee mwenye nguvu, lakini nilimkamata. Dirisha la chumba cha upasuaji lilikuwa juu yetu, na ndani nilisikia Daktari Joan akisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejizuia: "Nahitaji mwanga. Nahitaji ile ya kufyonza. Sasa hivi." Ndipo nikaona ninachofanya. Nimemshika mkono mtu anayempelekea mtoto mwanga. Nikishika, anakufa gizani. Nikiachilia, huenda akafa kwenye taa.

Nikaachilia. Akavuta, jenereta ikanguruma.

Nilirudi ndani mbio kama mwizi anayefukuzwa. Chepkemei alikuwa amesimama. "Dada, kuna nini? Kuna nini huko ndani?" Nikausukuma mlango nikaingia na viatu vyangu vya vumbi, na nesi akanifokea.

"Nani huyu? Toka!"

Kwenye skrini ya toroli, badala ya kifua cha Jerono, kulikuwa na herufi nyeupe juu ya weusi. *Karibu. Tulia tukusafishe.* Nikarukia ukuta nikang'oa waya kwa mikono miwili hadi kichwa chake kikakatika. Lakini mstari wa chini ulikuwa umeshaanza kujaa. Diski ilikuwa imeshafutwa. Nilijua, sikuhitaji kuambiwa.

Daktari Joan hakugeuka. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na mikono yake haikusogea. Bomba lilikuwa ndani ya mtoto.

"Nirudishie picha," akasema.

"Daktari, haiwezi. Imefutika."

"Basi nisikilize. Nilikuwa nimeiona punje. Nikitoa bomba sasa, njia ya hewa itavimba, sitaingia tena. Nikishika bila kuona, nitaisukuma ndani zaidi. Nahitaji kuona. Ni kitu gani kingine kinaweza kunionyesha?"

Mashine ya mapigo ilikuwa imebadilisha mwendo. Hata mimi nisiyejua udaktari nilisikia kwamba imebadilika. Nikatazama waya wa kamera. Ulikuwa unaingia kwenye kompyuta kwa kichwa cha kawaida, kama kipanya, kama fleshi. Kompyuta yoyote ingeweza. Na kompyuta moja tu katika hospitali ile haikuwa imezimika wala kufutwa, na ilikuwa nyuma ya kufuli la Absalom.

"Nakuja," nikasema.

Ukutani kwenye korido kulikuwa na mtungi wa kuzimia moto. Nikaunyakua. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili mbao ikapasuka pembeni. Nikapiga huku nikilia, nikiita Ya Allah, Ya Allah, watu wakitoka vyumbani kunitazama, na hakuna aliyethubutu kunisogelea. Kufuli likang'oka na ubao wake.

Laptopu ilikuwa mezani, inang'aa, imetulia. Kwenye kioo chake ilikuwa imeniandikia mgeni mpya aliyelishwa: wa kabila la zamani, amepewa chake bila hitilafu. Nikauchomoa waya wake wa mtandao nikakimbia nayo kifuani.

Nilipiga magoti kando ya toroli. Nikachomeka kamera. Hakuna kitu.

"Haraka," akasema nesi, safari hii bila kufoka.

Vidole vyangu vilikuwa vinakosea herufi. Nikafuta, nikaandika tena. Ukatokea mraba mweusi. Ukawa kijivu. Halafu ukawa waridi, wenye ukungu na unyevu, unaopanda na kushuka, na katikati yake, manjano, punje ya mahindi. Sijawahi kuona punje kubwa hivyo.

"Inua," Daktari akasema. "Juu kidogo. Hapo. Usitikisike."

Usitikisike! Mimi ambaye kila kiungo kilikuwa kinatetemeka. Nikabana viwiko kwenye mbavu, nikashika pumzi. Koleo ndogo likaingia kwenye picha, likafungua mdomo, likashika. Likateleza. Mashine ya mapigo ikakaa kimya kidogo, ikapiga, ikakaa kimya tena. Koleo likashika mara ya pili. Picha ikarudi nyuma, nyuma, ikawa giza, ikawa taa ya dari.

Punje ikalia kwenye sahani ya chuma. Baadaye kidogo, baada ya nesi kumgeuza na kumfyonza, Jerono akakohoa. Kikohozi kizito, cha majimaji, kisicho na mluzi. Nilikaa sakafuni na laptopu mapajani.

"Tutaongea mimi na wewe," Daktari Joan akaniambia akivua glavu.

"Ndiyo, Daktari."

Nje, uani, nikampigia adeer Mohamud. Nilimwambia yote bila kupumua. Mwanzo alidhani natania, akasema, "Wewe Fardosa bana."

"Adeer, ni mashine ngapi ziko nje na ule utepe?"

"Sijui," akasema. "Wallahi sijui. Nimeuza tangu hujazaliwa. Ziko benki, ziko shuleni, ziko Naitiri, ziko kila mahali."

Nikamsikia akivuta kiti akiketi.

Nilikuwa nimeshafunga mkoba niondoke Absalom aliponikuta. Alikuwa na chapati zimefungwa kwa gazeti, na macho ya mtu aliyeuona mlango wake. Hakunilaumu. "Madam, mama wa mtoto anakutafuta," akasema. "Nimemwambia ni wewe uliokoa."

"Nani alikutuma?"

"Si ni ukweli?"

Nilitaka kupita geti moja kwa moja. Lakini Chepkemei alikuwa kwenye benchi la wodi, na Jerono amelala begani mwake, amelala kabisa, mdomo wazi, rangi imerudi. Viatu vyote viwili vyekundu vilikuwa miguuni. Aliponiona akasimama akanishika mkono kwa mkono wake mmoja, akaanza kuniombea kwa lugha yao, kwa sauti ndefu, machozi yakimdondoka. Niliyavumilia maneno hayo nisiyoyaelewa mpaka nikashindwa.

"Mama Jerono, nyamaza. Tafadhali. Picha haikupotea kwa stima. Mimi ndiye niliyeiondoa. Nilikuwa nimeacha kitu changu kwenye waya, cha kufuta kila mashine inayoamka. Sikukusudia. Lakini ni mimi."

Hakuuachilia mkono wangu mara moja. Alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena.

"Hicho kitu," akasema polepole, "kiko wapi sasa?"

"Kiko hapa kwa mkoba. Nimekizima."

"Nionyeshe."

Kwa mkono mwingine nikafungua mkoba, nikaitoa laptopu, nikaifunua. Kioo kilikuwa cheusi, hakuna taa hata moja. Akaachilia mkono wangu, akaweka kiganja chake juu ya keboodi, vile vile alivyokuwa akikiweka kwenye paji la uso la mtoto tangu asubuhi. Akakiacha pale kidogo.

"Bado ina joto," akasema.

Akamwinua Jerono, akamhamishia bega lingine, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho, kule mlangoni.